Mwendokasi au Treni ya Umeme? Kwetu Swali Linaanzia Darajani

Gari ilikwama pale Kongowea, hapa Mombasa, kwenye foleni ya kuingia daraja la Nyali, saa moja asubuhi na jua tayari limeshakuwa kali. Nisani, matatu ya abiria 14, ndani tuko zaidi ya hapo, dirisha la upande wangu halifunguki, na makanga ameshashuka zamani anatembea kando kando ya gari, mkono uko mlangoni. Mbele yangu mama mmoja amepakata ndoo ya viazi vya karai, ameifunika kwa leso. Unga wa manjano umemkaukia vidoleni. Kila gari ikisogea kidogo chupa yake ya ukwaju inagonga ndoo, na yeye anaishika shingo isianguke.

"Shukisha hapa, mwanangu," akasema mwishowe.

Makanga akamtwika ndoo, na mama akaanza kulivuka daraja kwa miguu. Wakamfuata wengine watatu wanne. Tukawaangalia mpaka wakapotea upande wa kisiwani, sisi bado hatujasogea hata urefu wa gari mbili.

Nyuma kulikuwa na mzee amevaa kofia ya vito, akasema serikali ingetuletea treni ya umeme kama walivyofanya Addis Ababa, haya mambo yangekwisha. Msichana aliyekaa karibu yake, mkoba wa kazi magotini, akageuka: "Babu, treni ya nini na pesa hakuna? Dar wana mwendokasi, wanatoka Kimara mpaka Kivukoni na foleni wanaiangalia dirishani."

"Basi ni basi tu, mwanangu. Litakwama kama hili."

"Halikwami, babu, lina njia yake peke yake."

"Haya. Na hiyo njia yake nani ataichunga?"

Msichana hakujibu. Na mimi sikuwa na jibu, na swali hilo limenikaa kichwani wiki nyingi sasa, nikilala nalo, nikiamka nalo, mpaka nimeona bora niandike.

Tuanze na hesabu

Watu wengi wanaopenda treni hoja yao ya kwanza ni kwamba treni inabeba watu wengi. Mimi pia nilianzia hapo, maana ndivyo inavyoonekana kwa macho, kitu kirefu, milango mingi, watu wanamiminika.

Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Basi refu lile la kujipinda katikati, la mita 18, linabeba watu kama 150. Ukipitisha moja kila dakika, kwa saa moja umepitisha watu 9,000 upande mmoja. Treni nyepesi, yaani hiyo ya umeme ya mjini kama ya Addis, ya mabehewa mawili tuseme inabeba watu 500, na ukiipitisha kila baada ya dakika tatu, kwa saa moja ni 10,000.

Yaani karibu sawa.

Na ili kubeba watu 9,000 hao hao kwa nisani za abiria 14 unahitaji zaidi ya nisani 640 kwa saa moja, kila moja na dereva wake, makanga wake, honi yake, na kila moja inataka kusimama pale pale penye kivuli. Magari ya watu binafsi ndiyo usiseme, mengi yana mtu mmoja, wakizidi sana wawili.

Bogotá kule Colombia walianza TransMilenio, mwendokasi wao, Desemba 2000, na njia yao kuu imefika kupitisha watu kama 45,000 kwa saa upande mmoja, kwa mabasi. Siri yao ni kwamba kwenye vituo kuna nafasi ya basi la nyuma kulipita lililosimama. Ukiwa na njia moja tu bila nafasi ya kupitana, idadi inashuka sana. Kwa hivyo ukiambiwa mabasi hayawezi kubeba mji, si kweli, na ukiambiwa mabasi yatabeba kila kitu kwenye kanjia kamoja kembamba, hiyo nayo si kweli.

Kwa hivyo hoja ya idadi nikaiweka kando. Kwa Mombasa haituamulii kitu.

Mlangoni pa gari

Kuna jambo dogo ambalo naona tunalipita haraka kwenye mijadala hii. Siku nyingine simama Buxton au Mwembe Tayari uangalie nisani moja tu inavyopakia. Mlango mmoja. Anayeshuka yuko kiti cha nyuma kabisa, basi wa katikati wainuke, kiti cha kukunja kikunjwe, mwenye mtoto ashuke kwanza ampishe. Halafu nauli. Anatoa noti ya 500, makanga hana chenji, anakimbia kwa muuza maji kuvunja. Dereva anasubiri, nyuma yake gari tano zinasubiri, na njia nzima ya kushoto imefungwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeshukia hapo.

Mwendokasi hilo wamelitatua. Unalipa kabla ya kuingia kituoni, sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko sawa, milango kadhaa inafunguka kwa pamoja. Mtu wa kiti cha magurudumu anaingia mwenyewe bila kubebwa mgongoni. Mama mwenye ndoo anaingia na ndoo yake. Na treni nyepesi nayo inafanya vivyo hivyo.

Kwa hivyo sehemu kubwa ya kasi tunayoitamani haitoki kwenye magurudumu, inatoka kituoni. Hilo lilinituliza kidogo, maana kituo kizuri unaweza kukijenga hata kama hujaamua basi au treni.

Addis

Treni ya Addis ilianza Septemba 2015. Njia mbili, kama kilomita 34, vituo 39, gharama kama dola milioni 475, nyingi zikiwa mkopo wa China. Ilisifiwa kila mahali, na ilistahili, maana kusini mwa Sahara ukitoa Afrika Kusini hakukuwa na kitu kama hicho. Nauli ikawekwa ya birr 2 mpaka 6, mtu wa kawaida anaimudu kabisa.

Lakini walinunua treni 41, na miaka ilivyopita nyingi zikalala kwa kukosa spea. Spea zinatoka nje, zinataka pesa za kigeni, na nauli ile ya chini haifiki hata kulipia uendeshaji. Umeme ukikatika, treni inasimama. Na reli yenyewe imezungushiwa ukuta na vyuma sehemu nyingi, mtu wa mtaa huu kwenda mtaa wa pili aliokuwa anavuka tu barabara sasa anazunguka mbali.

Siandiki haya kuwadharau. Walithubutu.

Lakini nikafikiria tarehe 25 Agosti 2023, siku ambayo Kenya karibu nzima ilizama gizani, mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi. Nikajiuliza usiku ule treni ingesimama wapi, juu ya maji ya Tudor? Na nikafikiria mafundi wetu. Basi likiharibika Mombasa, kuna gereji Changamwe, kuna gereji Shimanzi, kuna watu wameshusha injini tangu utoto wao, na spea nyingine zinateremka hapa hapa bandarini. Mota ya treni ikiungua nani anaifungua? Tunaweza kufundisha watu, ndiyo, lakini lazima tuanze kuwafundisha kabla treni haijafika, na mimi sijasikia hata siku moja mtu anaizungumzia treni akaanza na chuo cha mafundi.

Kitu kingine kinachosahaulika ni mishahara. Kule Ulaya moja ya sababu za kupenda treni ni kwamba dereva mmoja anabeba mamia ya watu, na mshahara wa dereva kule ni mzigo mkubwa sana kwa kampuni. Huku kwetu mambo ni kinyume, mshahara ni kidogo na mtambo ndio ghali. Hoja inayowafaa wao haitufai sisi moja kwa moja. Ingawa pia, kusema haki, basi linachoka kwenye miaka 12 hivi na treni inafika 30, kwa hivyo anayekuambia basi ni rahisi muulize kama amehesabu kununua mabasi mara mbili tatu.

Dar

Dar nayo nina mapenzi nayo. Mwendokasi ulianza Mei 2016, kilomita 21 hivi, nyingi za Barabara ya Morogoro, na mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Ukisimama Magomeni unaona basi linapita na barabara ya kando haijasogea, unaelewa mara moja bila kufafanuliwa.

Lakini walianza na mabasi 140 wakati mpango wenyewe ulihitaji zaidi ya mara mbili ya hayo, na karakana ikajengwa Jangwani, bondeni kwenye mto Msimbazi, mvua kubwa ikija maji yanaingia mpaka kwenye mabasi. Kwa hivyo njia ipo, imejengwa vizuri, zege tupu, na watu wamejaa kituoni wanangoja.

Hapa nikaona tofauti ambayo sikuwa nimeiona kabla. Treni inapoharibika inaharibika kwa kishindo, moja ikifa njiani zote za nyuma zimefungwa. Mwendokasi unaharibika polepole, mabasi yanapungua moja moja, foleni ya kituoni inarefuka kidogo kidogo, na kwa sababu hakuna siku moja ya janga, hakuna anayepiga kelele mpaka watu wameshazoea shida.

Sijui ipi mbaya zaidi. Nadhani ya pili, kwa mji kama wetu unaozoea haraka.

Rangi nyekundu

Mei 2018 Nairobi walichora mistari myekundu Thika Road, wakasema hii ni njia ya mabasi ya kasi. Rangi ilikuwa nzuri. Mabasi hayakuja, kila gari ikaendelea kupita juu ya rangi, na rangi ikafubaa.

Hili ndilo lililonirudisha kwa yule mzee. Maana mwenye kupenda treni ana hoja moja ambayo sikuweza kuivunja kwa wiki nzima: reli haiporwi. Gari ya mkubwa haiwezi kupita juu ya mataruma. Bodaboda hawezi kuipitia mkato. Njia ya basi ni lami kama lami nyingine, na sote tunajua lami tupu kwenye foleni inavyomwasha mtu mwenye haraka, hasa mwenye ving'ora.

Sasa fikiria hiyo lami tupu iko juu ya daraja la Nyali, saa moja na nusu asubuhi.

Kwa siku kadhaa hoja hiyo ilinivuta kabisa upande wa treni. Nikasema liwe liwalo, tuwe na kitu ambacho hakiwezi kunyang'anywa.

Kisiwa ni kisiwa

Kilichonigeuza ni kuangalia ramani ya kwetu wenyewe badala ya kuangalia ya watu wengine. Mombasa ni kama nyumba ya arusi yenye wageni mji mzima na milango haifiki mitano. Kaskazini kuna daraja la Nyali, lile la 1980 lililochukua nafasi ya daraja la kuelea la 1931. Magharibi kuna Makupa na Kipevu. Kusini kuna feri ya Likoni, watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na pale si basi si treni itakayovuka, pale habari ni ya mtu na miguu yake mpaka siku daraja litakapojengwa.

Kwa hivyo kwetu shida haijatandazwa sawasawa kilomita 20. Shida imekusanyika darajani.

Ukivuka Nyali kwenda kaskazini watu wanatawanyika. Huyu Kisauni, yule Mlaleo, wengine Mshomoroni, Bombolulu, Bamburi, Kiembeni, Shanzu, mpaka Mtwapa. Treni itaenda sehemu moja tu kati ya hizo, tuseme ifuate barabara ya Malindi, na wote wa Kisauni ndani itabidi washuke pale kwenye taa wapande gari nyingine. Kulipa mara mbili, kusubiri mara mbili, mvua ikinyesha nauli ya hamsini inakuwa mia. Basi linaweza kupita kwenye njia yake pale penye shida, darajani na Kongowea, halafu likishavuka likakata kona likaingia Kisauni mpaka karibu na mlango wa mtu. Bila kubadilisha.

Hicho treni haiwezi. Na daraja lenyewe lilijengwa kwa magari, kuliwekea reli na nyaya ni kazi ya wahandisi ya miaka, wakati kutenga njia ya basi kwa ukingo wa zege ni kazi ya miezi.

Nasema ukingo wa zege. Sisemi rangi.

Na haina haja iwe milele. Ottawa kule Canada walifungua barabara yao maalum ya mabasi mwaka 1983, wakaitumia, wakailinda, na mwaka 2019 sehemu ya katikati wakaigeuza reli. Miaka 36. Njia ilishakuwa yao, hakuna aliyebishana nao kuhusu ardhi. Ukiwa na njia, treni inaweza kuja wakati wake.

Magharibi tuna reli tayari

Upande wa Changamwe lakini nasema tofauti, na hapa najua wenzangu wa mwendokasi hatutaelewana. Kule reli ipo. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, inatoka stesheni ya kisiwani, inavuka, inapita Changamwe. Ardhi yake imeshatengwa zaidi ya miaka 100. Tangu SGR, reli mpya ya Nairobi, ianze 2017 tumeona abiria wanateremka Miritini na mabegi, usiku, wanaanza kupatana bei na madereva ili wafike mjini, na reli nyingine iko pale karibu inaelekea mjini hasa.

Kwa Jomvu, Mikindani, Magongo na Miritini, mimi nasema treni ya abiria, ya kawaida tu, ya dizeli kama ni lazima, yenye ratiba inayoheshimiwa asubuhi na jioni. Hata haihitaji kuitwa nyepesi.

Na kwa wale wanaosema Mombasa na reli za mjini haviendani, picha za mwanzo wa karne ya 20 ziko, za Ndia Kuu kule Mji wa Kale, zinaonyesha vireli vyembamba katikati ya njia na vigari vyenye kitambaa cha kivuli juu, abiria amekaa amestarehe na wanaume wawili wanamsukuma kwa nyuma. Mji huu ulikuwa na reli ya mitaani kabla miji mingi ya Afrika haijaota. Ninapoiangalia ile picha macho yangu yanaenda kwa wanaosukuma. Jasho lao ndilo lililokuwa injini, na waliokaa juu hawakuwa watu wa mtaa ule.

Ndiyo maana kila mpango mpya ninaousoma nauliza kwanza nani anapanda na nani anasukuma.

Watu wa gari

Sasa kuhusu ulinzi wa njia. Askari hawawezi kuilinda kila siku, kamera zitaharibika, na ukingo wa zege utavunjwa mahali fulani na mtu fulani mwenye haraka. Mtu pekee anayekuwa barabarani tangu alfajiri mpaka usiku, kila siku ya Mungu, mvua na jua, ni dereva wa matatu na makanga wake. Leo hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuingia njia ya mwendokasi, na siwalaumu, maana mpango unaokuja kukuondolea riziki yako kwa nini uuheshimu?

Johannesburg walipoanzisha Rea Vaya, mwendokasi wao, mwaka 2009 wenye teksi walipinga kwa nguvu, kulikuwa hata na risasi. Mazungumzo yakaenda mbele, na waendeshaji wa teksi walioathirika na njia ya kwanza wakawa wanahisa wa kampuni inayoendesha mabasi yenyewe, PioTrans. Hawakupewa kifuta jasho wakaambiwa kwaherini. Walipewa umiliki. Matatizo yamebaki, sisemi kule ni peponi, lakini mwenye hisa ndani ya basi ana sababu ya kuchukia gari ya mtu mwingine ikiingia kwenye njia ya basi lake, na ataipigia kelele kabla askari hajaamka.

Kwa hivyo kaunti ikituita kwenye vikao vya maoni, na ikija na michoro ya rangi ya vituo vya vioo, mimi nitauliza mambo ya karatasi. Nisani za njia ya Bombolulu na Kisauni ni za nani, na wenyewe watapata hisa ngapi? Sako zao, vyama vya wenye matatu, zimeitwa mezani, au zitasikia redioni? Dereva mwenye leseni ya nisani atafundishwa basi la mita 18 kwa gharama ya nani, na kwa muda gani, na wakati anafundishwa watoto wake watakula nini? Makanga anayejua kila sura ya Kongowea, anayejua yule mama wa viazi anashukia wapi bila kuambiwa, ataandikwa kazi kituoni, kwenye tiketi, kwenye kusaidia wazee na mizigo, au kazi hizo zitatangazwa mtandaoni kwa fomu ambayo hawezi kuijaza kwa simu yake?

Majina yao yaandikwe kwanza, na mkataba wao usainiwe kabla ya mkataba wa zege.